Mtani Aliyekosa Jibu

"Funua, baba, chakula kitapoa," alisema Bi Mwantumu kwa upole wa kutisha.

Mzee Bwanaheri, mshenga, aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi kwa heshima ya siku hiyo, alifunua sahani. Hakukuta pilau. Alikuta pumba za mpunga zilizopangwa vizuri kama kilima, na kileleni imechomekwa pilipili moja nyekundu.

Baraza zima lilicheka. Nyuma ya pazia, Warda hakucheka.

"Bi Mwantumu," mshenga alisema huku akiisogeza sahani pembeni, "nimeleta posa. Nimetumwa na Faraji wa marehemu Haruna. Anamtaka mjukuu wako Warda kwa ndoa ya halali."

"Tunajua. Anamtaka tangu hajaota meno ya pili. Kila akipita hapa anaita, 'Mke wangu, umenipikia nini?' Mwambie mtani wetu kwamba safari hii mzaha wake umevaa kanzu, na umependeza. Ila kesho Ijumaa nawajibu wazee wa Mahamudu posa yao. Sina nafasi ya michezo."

"Si mchezo, mama."

"Wewe nawe umeshaambukizwa. Kula basi."

Hapo ndipo penye kisa chote. Ukoo wa Faraji na ukoo wa Warda ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anaruhusiwa kuiba jogoo wako mchana kweupe, au kujilaza ndani ya kaburi ulilochimbiwa akidai kwanza apewe ubwabwa. Wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, umeshindwa.

Hata uwanja wa Tengani, ambako vijana wa Ikwiriri huja kufungwa na wa Dar huja kuaibishwa, ulizaliwa kwa utani huo. Wanahistoria wa Kibiti, yaani wanywa kahawa, wanasimulia kwamba babu yake Warda, marehemu Mzee Kheri, alimwaga zege pana nyuma ya nyumba ili aanike mpunga. Asubuhi moja akakuta mwishoni mwa sakafu yake umesimikwa mti wa mkoko kutoka Salale. Juu yake limefungwa tenga la kuku lililotobolewa kitako, na chini yake yuko Haruna, baba yake Faraji, anarusha mpira.

"Nakusaidia kufukuza ndege," alisema Haruna.

Mzee Kheri angeung'oa mti ule, angeonekana amenuna. Akaenda kutafuta mti mwingine, akausimika upande wa pili na tenga kubwa zaidi.

"Lako hilo," akamwambia, "halimtoshi hata kifaranga."

Basi, kwa sababu wanaume wawili walikataa kununa, Kibiti ikapata uwanja wa mpira wa kikapu. Siku hizi matenga yamekuwa vyuma. Lakini wakati wa mavuno, nusu ya uwanja hulala mpunga, na nusu hulala wapinzani.

Mshenga alipoondoka na njaa yake, Warda alichukua simu.

"Umemtuma mzee wa watu kuja kula pumba. Umefurahi?"

Faraji alijibu papo hapo: "Warda, safari hii si utani."

"Ulisema hivyo hivyo ulipoaga kwamba unahamia Mtwara."

Siku ile Warda alilia mpaka macho yakavimba. Jioni akamkuta Faraji nyuma ya jiko, anakula mihogo yake na kusifia chumvi.

"Ile ilikuwa utani. Hii siyo," aliandika Faraji.

"Mimi nitajuaje?"

Simu ilionyesha kwamba Faraji anaandika, ikaacha, ikaonyesha tena. Hatimaye ujumbe ukaingia:

"Sijui. Nikisema kweli, inatoka kwa sauti ile ile."

Warda aliusoma mara nyingi kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Mahamudu hakuwa mtu mbaya. Alinunua kamba kwa wavuvi wa Kiongoroni, alisema jambo mara moja na kulitimiza. Tatizo lake lilikuwa moja tu: hakuwa Faraji. Lakini je, Warda akimwambia bibi amkatae Mahamudu, halafu Faraji atokee kesho amejishika mbavu kwa kucheka? Angekuwa kichekesho cha Kibiti mpaka siku ya kuzikwa, na hata siku hiyo watani wangekumbushia.

Alitaka kujua leo. Na alijua pa kumpatia.

Alasiri Tengani ilijaa. Walicheza watatu kwa watatu, upande usio na mpunga. Bi Mwantumu alikaa kwenye kigoda chake na fimbo ya kufukuzia kuku. Warda, mtangazaji wa uwanja, alishika kipaza sauti. Kazi yake ilikuwa kuwachamba wachezaji, na kazi ya Faraji ilikuwa kumjibu. Wapo waliokuja kwa ajili ya hayo tu, mpira hawaujui.

"Wana Tengani," Warda alianza, "huyo mwenye mpira mnamwona? Ameleta posa kwetu."

Uwanja ulilipuka kwa kicheko.

"Mshenga wake tumemlisha pumba, kala kwa macho. Nasikia mahari ni injini ya boti aliyoitengeneza mwenyewe. Ikiwaka, inarudi nyuma."

Kicheko kiliongezeka. Faraji, fundi wa injini za boti, alisimama na mpira kwapani. Watu wakanyamaza ili wasikie jibu.

Jibu halikuja.

"Faraji," Warda alisema, na sauti yake ikapungua yenyewe, "huyu mke unayemtaka utamweka wapi? Chini ya goli?"

Faraji alifumbua mdomo. Akaufumba.

"Mjibu, bwana," mtu mmoja alimhimiza.

"Labda anaumwa," mwingine alisema.

Faraji aliuweka mpira chini. Akavua viatu, akapita pembeni ya mpunga bila kukanyaga punje, mpaka kwenye kigoda cha Bi Mwantumu. Maisha yake yote alikuwa akimsalimu bibi huyo kwa maneno mawili: "Hujafa tu?" Naye bibi humjibu, "Nakusubiri wewe utangulie."

Alichuchumaa, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, bibi."

Fimbo ya kuku ilibaki hewani.

Bi Mwantumu aliishusha. Akamgusa paji la uso kwa mgongo wa kiganja.

"Mtani aliyekosa jibu ni mgonjwa au ni mkwe," alisema. "Huyu hana homa."

"Bibi," Warda aliita. Alikuwa amesahau kuzima kipaza sauti, kwa hiyo Kibiti nzima ilisikia. "Mwitikie."

"Nimwitikie, au nimngoje Mahamudu?"

"Mwitikie, bibi yangu."

"Marahaba, mwanangu," alisema Bi Mwantumu. "Sasa simama, unawaziba kuku, siwaoni."

Kesho yake wazee wa Mahamudu walipewa pilau ya kweli na jibu la kweli: "Tusameheni, wazee wangu. Kuna kijana ametutangulia kwa salamu, na tumeshamwitikia."

Jioni hiyo Warda alimkuta Faraji anafagia uwanja.

"Ulinyamaza kwa nini? Ulikosa la kusema?"

"Nilikuwa nalo. Tena zuri sana. Ningelitoa, ungecheka, na leo ungekuwa mchumba wa Mahamudu."

"Lilikuwa lipi?"

"Nitakwambia siku ya harusi."

Harusi ilifanyika pale pale Tengani, mpunga ukiwa umeshaingia ghalani. Watani wa pande zote waliyafungua magoli usiku wa kuamkia siku hiyo, wakayateka mpaka waliposhiba ubwabwa. Bi Mwantumu alimpokea bwana harusi mlangoni kwa swali moja: "Hujafa tu?"

Walipokaa kwenye viti vya maharusi, Warda alimwegemea mumewe.

"Haya, niambie."

Faraji alimnong'oneza jibu lile alilolimeza mbele ya watu. Warda alifikiri kidogo, kwa umakini wote wa bibi harusi.

"Baya," alisema. "Bora ulinyamaza."