Siku Tano za Namba Sabini

Kila asubuhi kabla ya shule, Genoveva wa darasa la sita alipita kwenye kisima cha gesi kilichochimbwa kwa majaribio nje ya kijiji chao, Masakta. Baba yake, Hermani, alikuwa mlinzi pale, lakini macho yake hayakuona tena namba ndogo. Kwa hiyo Genoveva ndiye aliyesoma geji, kipimo cha mgandamizo wa gesi, langoni na kuandika daftarini.

Kisha maji ya karibu yakakauka, ikabidi Genoveva awapeleke ndama wao kunywa mbali alfajiri. Genoveva akaona njia ya mkato. Siku tano mfululizo hakuitazama geji. Alirudia namba ya mwisho aliyoiona, sabini, akakimbilia shule. Nani angejua?

Siku ya tano, mtaalamu wa miamba aliyeitwa Justina alipiga simu, na Genoveva akamsomea daftari. Justina alifurahi, akasema gesi ikitoka mfululizo namna hii na mgandamizo usishuke, basi hazina ya chini ni kubwa. Aliahidi kuja kesho yake kukikagua kisima. Hermani alisikia kila neno. Jioni alitangaza kwamba kesho atauza maksai wa kulimia mnadani, ajenge vyumba vya kupangisha wafanyakazi watakaokuja.

Asubuhi Genoveva alikwenda mbio kwenye geji. Ilisoma arobaini na moja. Mvua zilikaribia, na bila maksai shamba lao lingelala. Alipogeuka, baba alikuwa anawaswaga maksai barabarani, na gari la Justina likiingia langoni.

Aliogopa fimbo, aliogopa aibu, lakini aliwaogopea maksai zaidi.

"Shikamoo mama," alimwambia Justina. "Baba, simama. Namba nilizitunga."

Justina alisoma geji. Kisha akamweleza Hermani kwamba gesi hukaa kwenye vitundu vidogo vya mwamba, kama upepo kwenye tairi. Tairi la trekta likitoboka huchelewa kuisha upepo. La baiskeli huisha upesi. Kisima hiki kilikuwa kama la baiskeli: hazina yake ni ndogo.

Hermani aliwatazama maksai wake. "Ungenyamaza mpaka jioni," alisema, "mwaka huu tungelima kwa mikono."

Justina akampa Genoveva kalamu, akamwagiza azikate zile sabini tano za uongo.

"Siku usiyofika, acha wazi," alisema. "Pakiwa wazi, najua kwamba sijui. Namba ya kutunga inanidanganya mimi, na mimi namdanganya baba yako."

Hermani aliwageuza maksai, wakarudi nyumbani.