Nywila Isiyopigiwa Kelele

Mpigapicha alikuwa mzito wa kusikia. Mkewe alikuwa na sauti ya watu wawili. Basi, ndoa ilikuwa na mizani.

Mume alipiga picha katika chumba cha mbele cha studio yao. Mke alizirekebisha kwenye kompyuta chumba cha nyuma, kisha akazihifadhi mtandaoni. Kila alipobadilisha nywila, yaani neno la siri la kuingilia, alimtangazia mumewe.

"Mzee! Ni kipenzi sabini na mbili!"

"Kipande?"

"Kipenzi! Wewe hapo, kipenzi! Sabini na mbili!"

Wateja kwenye benchi walicheka. Siri ya wawili ikawa ya mtaa mzima.

Asubuhi moja walikuta picha zote za harusi zimefutwa. Mtu alikuwa ameingia kwa nywila yao. Bahati nzuri, picha zilikuwa bado kwenye kadi za kamera. Lakini mzee alivua miwani, akasema, "Kosa ni la masikio yangu. Nitakaa nyumbani. Tafuta mwenye kusikia."

Mkewe alimpenda mno mtu huyu, na studio bila yeye hakuitaka.

Alimpigia simu mkwe wao, mke wa mwanawe, fundi wa kompyuta.

"Baba haendi popote," mkwe alisema alipofika. "Tutabadilisha njia, siyo mtu."

Alichukua kompyuta yao ya zamani, akaiwekea Linux, mfumo wa bure. "Sasa hii ni seva, mama. Itahudumia simu na kompyuta zenu." Akasasisha mfumo, kisha akapakua programu ya kupeana nywila kutoka tovuti ya watengenezaji wenyewe.

"Si ningemwandikia ujumbe tu?"

"Ujumbe unabaki kwenye simu. Atakayeiokota atausoma. Hapa unaandika nywila, unapewa kiungo cha kumtumia. Baba akikibonyeza, anaisoma mara moja tu, halafu inafutika."

"Na mdaku akimtangulia?"

"Baba ataona kiungo kimeshatumika. Msianze kutafuta mchawi. Badilisheni nywila kwanza."

Mkwe aliweka pia cheti cha usalama, ili mtu asichungulie ujumbe ukiwa njiani. Akafunga milango yote ya seva isiyohitajika, yaani njia za kuiingilia kutoka mtandaoni.

"Na masasisho msiyapuuze," alionya. "Seva ni kama mtoto. Ukishaizaa, uilee."

"Mwanangu, nimelea wanne na mzee huyu!"

Mama aliweka nywila mpya, ndefu, isiyo na jina la mtu. Akatuma kiungo. Simu ya mzee ilitetemeka mfukoni. Akasoma, akaingia kwenye akaunti, na kwenye benchi hakuna aliyegeuka. Alivaa miwani yake, akaita mteja anayefuata. Habari ya kukaa nyumbani ikaishia hapo.

Baadaye, siku ya kazi nyingi, kiungo kingine kilifika. Mzee alikisoma, akamwacha mteja kwenye kiti, akaenda chumba cha nyuma.

"Umeingia?" mkewe aliuliza.

"Niingie wapi? Ile haikuwa nywila."

"Sasa?"

"Niliisoma haraka, nayo imeshafutika. Irudie."

Mkewe alicheka, akainuka, akamwinamia sikioni na kuyarudia maneno yale matamu polepole. Mteja wa watu akasubiri.