Kipandio cha Kumi na Nne

Ngazi ya nyumba ile ilikuwa na vipandio kumi na vitatu. Mwenye nyumba alivihesabu siku aliyohamia, maana kuhesabu ndiyo kazi yake: anachora ramani za majengo kwa kompyuta, na ofisini wanamwita Rula kwa jinsi alivyonyooka asikunjike hata kwa utani. Basi alasiri moja amekaa sebuleni, mkewe anapanda na beseni la nguo zilizokauka, kandambili zinapiga pwa, pwa, pwa, na Rula akajikuta anahesabu. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kumi na nne.

Akajiambia mke amejikwaa. Wanaume wana bahati hiyo, jambo likiwashinda wanalisukumia kwa mke.

Sasa tumseme vizuri huyu bwana, maana alijitakia.

Rula alikuwa na wivu. Wivu wa mwanamume kwa mwanamume mwenzake una dawa yake: unamtafuta, mnatazamana, mmoja anahama mtaa. Wa Rula haukuwa na dawa kwa sababu mwenzake alikuwa kaburini. Mke alikuwa mjane wa mchoraji wa ofisi ileile. Nyumba, Marehemu ndiye aliyeichora na kuijenga. Kitanda, cha Marehemu. Hata kiti cha ofisini Rula alikirithi kikiwa kimebonyea kwa makalio ya mwenzake, na kila akikaa alihisi kama amepakatwa.

Halafu kulikuwa na ile programu. Marehemu aliacha programu ndogo ya kuchorea ngazi. Unaandika neno moja, unagusa chini, unagusa juu, ngazi inajichora yenyewe, kazi ya kutwa nzima kwa kupepesa jicho. Ikimaliza, chini ya kioo cha kompyuta hutokea maneno mawili: Tayari, mpenzi. Wengine waliyachekea tu. Rula kila akiyasoma alijiuliza: Mpenzi ni nani kama si mke wake? Yaani maiti anamtongozea mke mbele ya macho yake, mara ishirini kwa siku, na bosi anasimama nyuma ya kiti akisema yule ndiye alikuwa fundi, nyinyi wengine mnashika kalamu tu.

Rula akaapa ataifungua, amfute huyo mpenzi, aandike jina lake.

Si kazi ya mchezo. Programu kama ile ikishaandikwa husagwa, ikawa kitu kinachosomwa na kompyuta peke yake. Kuirudisha kwenye maandishi yake ni kuchukua unga na kuutaka uwe punje tena. Majina ambayo mwandishi alivipa vitu vyake hupotea, na maelezo aliyojiandikia pembeni hupotea yote, haibaki hata nukta. Wiki tatu, kila wenzake wakitoka kula, Rula alibaki akifumua mstari mmoja mmoja na kuvipa vitu majina upya: hiki kimo, hiki upana, hii idadi. Na tusimnyime haki yake, alikuwa hodari. Siku ya mwisho, mahali ambapo hapakupaswa kuwa na kitu, akakuta mstari wa pembeni umebaki mzima:

Aliye humu ana wivu. Mwache alale.

Rula akacheka peke yake ofisi nzima. Akamjibu Marehemu kwamba mwenye wivu ni yeye aliyelala kaburini. Akaufuta. Akafuta na lile neno la mapenzi. Palipokuwa na jina la Marehemu akaweka lake, akaisaga programu upya. Kisha, kwa ujeuri tu, akafungua ramani ya nyumba yao, akaondoa ngazi ya Marehemu na kuiamuru programu ichore nyingine, ili walau kitu kimoja mle ndani kiwe chake.

Ngazi ikajichora. Chini ya kioo pakatokea: Tayari, Rula mpenzi.

Chumba kikanuka karatasi iliyotoka mashineni sasa hivi, bado ina joto, na juu ya harufu hiyo marashi, yale mazito, ya mwanamke aliyekaa karibu mno. Rula akazima kompyuta, akaenda nyumbani mapema. Alasiri hiyo ndiyo mkewe alipanda na beseni.

Alipoteremka alilinusa shati la mumewe. Akalinusa tena. Akauliza, kwa ile sauti ya chini ambayo ni afadhali ukelele, "Marashi haya ya nani?"

Rula akaapa kwa kila kinachoapiwa. Mke akamwambia asijisumbue, maana Marehemu naye alinukia hivihivi mwezi wake wa mwisho, naye aliapa hivihivi.

"Lakini wewe alikuwa akikuita mpenzi," Rula akasema.

"Nani, yule? Miaka tisa aliniita 'wewe'."

Akacheka. Rula hakucheka. Kwa mara ya kwanza tangu aoe, alitamani sana huyo mpenzi awe mke wake.

Kesho yake ngazi ilisikika vipandio kumi na vitano. Siku ya tatu, kumi na saba, ingawa ukivitazama kwa macho ni vilevile kumi na vitatu. Siku ya nne walikuta nguo za mke zimetolewa kabatini na kukunjwa vizuri, moja kwenye kila kipandio, kutoka juu kuelekea mlango wa nje, kama mtu anayefukuzwa kwa adabu.

Akaitwa mganga, mama mmoja mnene asiyependa maneno mengi. Alivua viatu, akapanda peke yake, akakaa huko muda ambao hata ghorofa kumi hazihitaji, akateremka ameshika ukuta, jasho linamtiririka. Akauliza nani kamfungua. Rula akanyoosha kidole kama mwanafunzi.

"Jini huyu alikuwa wa yule marehemu, na yule alimfunga," mganga akasema. "Wewe umeweka jina lako, mwanangu, umemwoa. Rudisha jina la yule, saga, funga. Jini hamfuati maiti." Akamgeukia mke. "Na wewe usipande mpaka akwambie tayari."

Mganga alipoondoka, Rula akafungua laptopu mezani, mkewe kasimama nyuma yake. Akaandika herufi ya kwanza ya jina la Marehemu. Akaandika ya pili. Aliiona ofisi, alimwona bosi ambaye jana tu alimpigia makofi kwa kuifungua kazi ya fundi, aliona jina lile likirudi mahali pake na kukaa hapo milele. Na mke, kwa hofu tu, bila ubaya wowote, akamwambia, "Fanya haraka. Yule angekuwa keshamaliza."

Rula akafuta zile herufi mbili. Akaandika jina lake mwenyewe, akasaga, akafunga laptopu. Akageuka, akamtazama mkewe usoni.

"Tayari," akasema.

Mke akashusha pumzi, akapanda kuchukua mtandio wake. Pwa, pwa, pwa, kumi, kumi na tatu, na Rula akasubiri kandambili zinyamaze lakini hazikunyamaza, kumi na tisa, thelathini, na marashi yakajaa sebuleni mpaka yakawa ladha mdomoni, na kwenye kioo cha laptopu aliyoifunga kwa mikono yake mwenyewe, ambayo sasa ilikuwa wazi, pakatokea jina lake na lile neno, na Rula akaruka, akaikimbilia ngazi, akapanda vipandio kumi na vitatu tu, akafika chumbani akakuta mtandio uko kitandani haujaguswa na hakuna mtu, na juu ya dari, juu ya paa, mahali ambapo hakuna nyumba tena, kandambili bado zinapiga, moja moja, bila haraka, na alipoita kwa sauti iliyopasuka akajibiwa kutoka mbali sana na sauti ya mkewe, ambayo haikuwa na hofu bado, ilikuwa na uchovu tu:

"Nakuja, mume wangu. Bado napanda."