Rangi ya Walikale

Waliokuwapo katika ukumbi wa ushirika wa wakulima, Kitshanga, Jumamosi ile: Mama Libérata, mwenyekiti; Papa Kanyamibwa, makamu wake; Emérita wa Ngungu, mtunzaji wa seva, yaani kompyuta kuu inayopeleka bei za mazao kwenye vituo vyote; Samy, msimamizi wa kituo cha Walikale; na wakulima waliojaza mabenchi hadi mlangoni.

Emérita na Samy walikuwa wamekutana sokoni hapo hapo Kitshanga, msimu wa maharagwe, ng'ombe mmoja alipompiga Emérita kikumbo na Samy akaudaka mfuko wa kompyuta kabla haujagusa matope. Tangu siku ile simu zao hazikupumzika.

"Chérie, serveur yako inachelewa kutujibu," Samy alizoea kulalamika.

"Imejifunza kwangu. Weye ulingoja jibu langu muda gani?"

"Mpaka ndevu zikaota!"

Leo Emérita, katika gauni la kitenge cha buluu lenye mabega yaliyosimama, alikuwa amezigeuza kumbukumbu za utendaji wa seva, maelfu ya mistari isiyosomeka, kuwa picha ukutani. Kila kituo kilipewa nguzo. Kadiri seva ilivyochelewa kukijibu, ndivyo nguzo ilivyorefuka. Ngungu kijani. Mweso njano. Walikale ilipanda hadi karibu na dari, nyekundu ya kuwaka.

"Aa! Sasa tunaona!" ukumbi ukashangilia.

Papa Kanyamibwa akainuka. "Munaona? Walikale njo inatuchelewesha. Kule iko zone rouge, pahali pa hatari. Tuikate!"

Samy akasimama, shati lake jeupe lingali na vumbi la safari. "Ku ramani za mabiro yote ya serikali, kwetu iko rouge. Camion ya kubeba mazao haikuji ju ya ile rangi. Munganga wa kutibu wagonjwa hakuji. Emérita, hata weye?"

Akatoka.

Mama Libérata alisimamisha kikao kwa muda ili watu wapate kula. Emérita akampigia Samy, simu ameishika kwa mikono miwili.

"Uko wapi, mupenzi?"

"Ku parking ya mamoto. Natafuta pikipiki ya kunirudisha kwetu."

"Ile rouge, logiciel, ile programu ya kuchora, njo iliichagua. Inaiweka penye kuchelewa."

"Na weye ukaitazama, ukaona iko sawa."

Emérita akaitazama tena picha ukutani. Alikuwa ameiona, wala haikumshtua.

"Ni kweli," akasema. "Niliona iko sawa, na haiko sawa. Usipande moto. Ngoja nikuite."

"Nitangoja mpaka ndevu..."

"Samy!"

"Haya. Muda wa kumaliza sahani ya sombe, basi."

Emérita akazirudia kumbukumbu zile zile na kuziuliza swali jingine: si nani anayejibiwa polepole, bali nani anayeuliza zaidi. Vidole vilikimbia, moyo ukivifukuza. Picha mpya ilipojichora, alipiga kelele ya furaha peke yake ukumbini, kisha akabonyeza jina la Samy.

"Njoo! Njoo mbio!"

Watu waliporudi, Samy alikuwa amesimama mlangoni. Ukutani nguzo zote zilikuwa za rangi moja, buluu ya kitenge. Ya Walikale ilizipita zote.

"Tena Walikale!" Papa Kanyamibwa akang'aka.

"Papa, hii inaonyesha mara ngapi kila kituo kinauliza bei. Walikale banauliza kutupita sisi wote. Serveur inachelewa ju kazi yao njo nyingi, na njia ya kuwafikia iko nyembamba. Mutu mwenye kukuita kila saa, unamukata ao unamusogelea?"

"Unamusogelea!" benchi la akina mama likajibu kwa kicheko, macho yote yakimgeukia Samy.

Papa Kanyamibwa akakuna kichwa. "Kumbe njo banatumia kazi yetu kuliko wote. Sawa, nimeshindwa."

"Basi ile machine ya pili tuliyoweka akiba, serveur ya kusaidia hii, iende Walikale," akasema Mama Libérata. "Lakini nani ataitunza?"

"Miye," Emérita akajibu upesi.

"Binti ya batu, kwenda Walikale peke yako? Kwa nani?"

Samy akapita katikati ya mabenchi, akasimama kando ya Emérita. "Kwangu, Mama. Kama yeye anakubali."

"Safari hii sitachelewa kujibu," Emérita akasema. "Nakubali."

Vigelegele vikapasua ukumbi. Mama Libérata akagonga meza hadi kila mtu akatulia, kisha akatangaza:

"Imeamuliwa. Machine itaenda Walikale, na Emérita ataenda nayo. Lakini haitatoka hapa Kitshanga kama Samy na wazee wake hawajafika Ngungu kwa wazazi wa huyu mutoto, kumuposa."