Maji ya Mama Takyiwaa

"Dada, hiyo nyeusi inakuonea. Rangi yako inadai kijani!"

Dufie aligeuka. Soko la Kejetia lilikuwa limefurika wanunuzi wa nguo za misiba ya Jumamosi, na muuzaji huyu, kijana mrefu mwenye futi ya kupimia shingoni, alikuwa ameshika ncha ya pili ya kitambaa alichokichagua.

"Naenda matangani, si harusini. Nikatie yadi mbili."

"Nitakukatia tatu, moja uje uirudishe."

Dufie alicheka, na kicheko kile kikamponza. Kijana aliitwa Asabere. Kufikia wiki ya tatu, simu zake zilikuwa zikiingia Dufie hata hajapiga mswaki.

"Mpenzi, nieleze tena kazi yako. Wenzangu hapa sokoni wanadhani unauza vichujio."

"Natengeneza utando wenye mapana bila unene. Atomu tatu tu kwenda chini: salfa, molibdeni, salfa. Nikiutia kwenye maji yenye zebaki, salfa inaikamata."

"Haiachii?"

"Haiachii."

"Basi mimi ndiye salfa."

"Wewe ni domo tu."

Mwezi wa tano Asabere alimpeleka kwa mamake, kando ya Mto Offin, ambao wachimba dhahabu wanaotumia zebaki wameugeuza rangi ya chai ya maziwa. Dufie alivaa gauni la kijani. Mama Takyiwaa akamketisha kati ya majirani waliokuja kumwona, akamletea bilauri ya maji ya kisimani. Maji kwanza, ndipo mgeni huulizwa kilichomleta.

Dufie aliyapokea kwa mkono wa kulia, akayatazama. Miaka minne ya maabara ikamtawala. Badala ya kunywa, alitoa kichupa mkobani, akamimina maji humo, akakaza kifuniko.

Mama Takyiwaa hakumuuliza kilichomleta. Hakumuuliza chochote tena.

"Umemfanya mamangu mchawi mbele ya majirani!" Asabere alifoka walipokuwa wakisubiri gari.

"Nilitaka kuyapima..."

"Ungelowesha hata midomo! Ungeomba!"

Kichupa kilitoa jibu: zebaki, mara nne ya kiwango kinachoruhusiwa. Dufie aliililia karatasi ya majibu. Akinyamaza, mama ataendelea kunywa. Akisema, ataonekana anatafuta ushindi, na Asabere atakuwa amekwenda moja kwa moja. Alituma majibu pamoja na maneno manne: "Mama asinywe. Nisamehe mimi."

Ujumbe ulisomwa.

Wiki sita za kimya. Dufie alipita Kejetia bila haja ya kitambaa, akasimama mbali akiisikia sauti ile ikiwatania wateja wengine. Asubuhi alipiga mswaki macho yakiwa kwenye simu. Maabarani alikoroga unga mweusi wa kutengenezea utando na kuionea wivu salfa, iliyojua cha kushika.

Jumatatu moja mlinzi akamwita getini. Asabere alikuwa amesimama kando ya teksi iliyojaa madumu, amekonda, shati halijapigwa pasi. Kila dumu lilifungwa kipande cha kitambaa chenye jina la mtu.

"Kumi na tisa," alisema. "Mtaa mzima. Mama amepita nyumba kwa nyumba akisema mkwewe anapima maji."

"Mkwe gani?"

"Nilimficha ujumbe wako, Dufie. Siku tisa. Mimi na hasira zangu, na mama anakunywa." Akajishika shavu. "Nilipomwambia alinizaba kofi. Hizo wiki nyingine ni aibu tu. Sikujua nije na uso gani."

Dufie alitaka kumpiga, akataka kumkumbatia. Alianza na ngumi ya begani.

"Utando wangu bado unatosha ndoo moja tu kwa siku," alinong'ona kifuani pake. "Nyumba kumi na tisa siziwezi. Labda mwakani."

"Tutaanza na hiyo moja. Mama anauliza, wazee waje lini kwenu na vinywaji, kugonga mlango wa posa?"

"Anauliza yeye, au unauliza wewe?"

"Mimi. Nikubalie, Dufie."

Alimwacha asubiri kwa pumzi sita, moja kwa kila wiki.

"Waje Jumapili," akasema. "Sasa shusha madumu, jua linayachemsha."