Nyonga ya Kushoto ya Riviera

"Tangu nizaliwe sijatia puti kwenye gari la mtu!" Deverell Pruitt alitangaza, kifua mbele, pale sokoni Eastern Market, Jumamosi watu wanapopigana vikumbo. "Puti ni uji wa mafundi wavivu, wa kuzibia mashimo. Mimi chuma nanyoosha kwa nyundo."

"Sikukuuliza hayo," alijibu dada mwenye gauni la rangi ya haradali. "Nimekuuliza lini utaondoa kiwiko chako kwenye gari la baba yangu."

Ilikuwa Riviera ya mwaka sabini na moja, rangi ya mvinyo, milango miwili mirefu kama sala ya mchungaji. Kioo cha nyuma kiliteremka taratibu hadi mkia ukachongoka. Deverell hakujua amtazame nani kwanza, gari au dada. Ila nyonga ya kushoto ya gari, ule ubavu wa juu ya gurudumu la nyuma, ilikuwa imeliwa na kutu, kazi ya chumvi inayomwagwa barabarani Detroit kuyeyusha barafu.

Dada aliitwa Ottoline Vance, Ottie kwa wanaompenda. Babake, Mzee Rufus, alikuwa amesugua bodi za magari kiwandani miaka thelathini, na hili ndilo gari pekee alilowahi kulinunua. Sasa mapafu yalikuwa yamemkatalia.

"Anataka kuliona limenyooka kabla hajaondoka," Ottie alisema. Utani ukamtoka Deverell.

"Nipe wiki sita. Chuma kitupu."

Simu zikaanza.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula vumbi, mpenzi. Niletee mbavu za kuchoma."

"Mbavu tu?"

"Na mletaji. Asiwe na haraka ya kurudi."

Lakini kila alipokata kutu, alikuta kutu nyingine imejificha chini yake. Wiki sita zikawa tisa. Majani yakapukutika.

"Deverell, leo Baba ameshindwa kushika kijiko."

"Ule mkunjo wa nyonga hauharakishwi, Ottie. Ukikosea kidogo, gari zima linakuwa jeneza."

"Usinitajie jeneza! Baki na mkunjo wako." Akakata simu.

Siku nne Ottie hakupokea simu zake. Siku ya tano, mvua ikipiga bati, Deverell alifungua kopo la puti. Aliipaka, akaisugua hata nyonga ikateleza kama maji. Rangi ikafunika yote.

Alipoliona gari, Ottie alilia kifuani pake.

"Chuma kitupu?"

"Chuma kitupu, mpenzi. Nikuoe?"

"Kamuulize mwenye gari."

Mzee Rufus alitolewa nje kwa kiti cha magurudumu, mpira wa hewa puani. Akaupapasa mkia wa gari, machozi yakamlengalenga machoni. Kisha, kwa mazoea ya kazi, akagonga nyonga ya kulia kwa kifundo cha kidole: ngo! Akagonga ya kushoto: du, bila mlio wa chuma. Akarudia polepole, kama anayebisha hodi kwa mtu aliyekwisha hama.

Hakumtazama Deverell.

"Ottie, mama, kaniletee blanketi."

"Blanketi unalo magotini, Baba."

Ottie hakusogea. Alikuwa amelelewa na msugua bodi. Na yeye alikuwa na masikio.

"Deverell," alisema, sauti chini kabisa. "Hebu gonga wewe. Nisikie."

Deverell akainua mkono, ukabaki hewani.