Sanamu Lililozoea Kucheza

Mnisamehe mapema, maana nitaiharibu. Hii ni hadithi ya kutisha, nami nimezeekea kwenye majukwaa ya vichekesho. Mkiniona nacheka pasipostahili, mjue ni woga umekosea mlango.

Mwaka 1993, biashara zilipofunguliwa na kila mtu akawa mfanyabiashara isipokuwa ng'ombe, Machibya wa Bariadi alitoa sanamu lake akapewa patasi tano mpya. Machibya alikuwa mjomba wa Nyamizi, binti wa miaka kumi na tisa, na ndiye aliyemfundisha kuchonga. Sanamu lenyewe lilikuwa la mninga, viungo vya kamba. Kundi lao la ngoma lilikuwa limelichezesha kila baada ya mavuno kwa miaka ishirini. Hilali, mwenye duka la vinyago Lamadi, akaliweka rafuni lingoje Wazungu waendao Serengeti.

Asubuhi ya kwanza alikuta duka linanuka jasho. Ya pili, nyayo za sanamu zilikuwa na vumbi. Ya nane akalirudisha kwa Machibya ndani ya gunia, mkono wake mmoja ukiwa umefungwa bendeji.

"Shikamoo, mzee. Chukua jini lako."

"Marahaba. Jini gani? Huo ni mti tu."

"Basi mti wako umenivunja mkono."

Akaondoka bila kunywa hata maji.

Saa saba mchana, jua likiwa utosini, gunia likaanza kugongagonga kwa mdundo wa ngoma. Machibya akalifungua. Sanamu lilikuwa limepasuka kifua.

"Jini limekosa ngoma, limekosa na pa kukaa," alinong'ona. "Ng'wanawane, mwanangu, shika tezo. Malizia lile gogo lako la jana. Lipate mwili mwingine kabla halijachukua wangu."

Wakamwita mpiga ngoma wa kundi, ili jini lichezeshwe liingie kwenye mti mpya. Alipiga mara tatu. Damu ya Machibya ilipomrukia shatini alitorokea dirishani, na ngoma yake shingoni.

Kisichoonekana kilimnyanyua Machibya kikambamiza ukutani, kikamburuta juu ya patasi zake mwenyewe, kikamng'oa kidole, kikamng'oa cha pili na cha tatu, na Nyamizi akichonga huku analia, vibanzi vikimrukia usoni, harufu ya damu na jasho la wachezaji mia ikimziba pumzi, na kila alipoinua macho mjomba alimfokea, mdomo umejaa damu, "Usinitazame mimi! Tazama mti! Bega hilo umeliinamisha, wewe! Fuata nyuzi za mti!" naye akazifuata, akatoboa jicho la mwisho, akanyakua debe, akalipiga kwa mpini wa tezo mpaka kiganja kikachanika.

Sanamu jipya likainua mguu. Likacheza. Chumba kikatulia.

"Shingo umeiacha nene," Machibya akasema, akazimia.

Leo Nyamizi ana mvi. Kila baada ya mavuno huchonga sanamu jipya na kulichezesha. Hajaruka mwaka, hata ule aliojifungua mapacha. Watu humwuliza kama ni woga.

"Woga uliisha siku ile ile," hujibu. "Mtu alinifundisha huku ananyofolewa vidole. Nitaachaje?"

Machibya alibaki na vidole saba. Bariadi nzima inasema vingebaki kumi kama mpiga ngoma asingetoroka. Wananionea tu. Mimi nilimkimbilia mganga. Ni vile nilimpita mlangoni kwake, nikaja kushtuka niko Shinyanga.